Siku Niliyomwangusha Mwalimu Bora

Nyinyi mnaotoka mwezi ujao kwenda mazoezi ya kufundisha, nimesikia mnaogopa. Msichana mmoja wa mwaka wa tatu alinikuta sokoni Nyeri nikichagua viazi, akaniuliza, "Madam, ni kweli ati wakaguzi wa chuo huja bila kusema?" Nikamwambia ni kweli. Akauliza tena, "Na ni kweli ati ulikuwa mkali mpaka mwalimu mmoja akazimia ubaoni?" Hilo si kweli. Alikaa chini tu. Alikuwa hajanywa chai.

Basi nimeona niwaandikie, kabla hadithi zangu hazijaongezwa chumvi kupita kiasi. Mimi ni Nyaguthii. Kazi yangu yote ilikuwa kufundisha walimu, katika chuo kikuu chetu hiki cha umma, mpaka nilipostaafu. Kabla ya kufundisha hapo nilisoma hapo hapo, katika kundi la pili kabisa la wanafunzi wa ualimu. Ninyi mnakaa kwenye ukumbi wenye viti vinavyojikunja. Sisi tulijifunza mbinu za kufundisha ndani ya ghala la mbolea. Chuo kilirithi majengo ya shamba, na ghala lilikuwa halijasahau kazi yake ya kwanza. Jua likipiga mabati, harufu ya mbolea inaamka, na darasa zima linaanza kupiga chafya. Mpaka leo nikinusa mbolea nakumbuka hatua za andalio la somo.

Humo ndani ndimo alimofundisha Mwalimu Kariithi, mkuu wa idara yetu, mtu wa Kirinyaga. Alikuwa amefundisha shule za msingi miaka mingi kabla ya kusoma mpaka akafika chuo kikuu, na ingawa alikuwa na shahada kushinda wengi, hakukubali kuitwa daktari. Aliitwa Mwalimu, basi. Mkewe naye tulimwita Mama Mwalimu. Hawakujaliwa mtoto.

Mwalimu Kariithi alitufundisha mambo ambayo hayamo kwenye vitabu vyenu. Kuandika ubaoni ukiwa umesimama upande, ili jicho moja libaki kwa watoto. Kuvunja chaki mpya katikati kabla ya kuitumia, kwa sababu chaki nzima hulia kwenye ubao. Kutouliza "mmeelewa?" maana hakuna mtoto aliyewahi kujibu hapana. Na alitufanya tufundishane wenyewe kwa wenyewe, mmoja mwalimu, wengine tukijifanya watoto wa kidato cha kwanza. Alikuwepo mwenzetu mwenye ndevu za kutosha aliyekuwa akiomba ruhusa ya kwenda msalani kila baada ya dakika tano, mpaka siku moja Mwalimu akamwambia, "Nenda, lakini ndevu uziache hapa ziendelee kusoma."

Baadaye chuo kilipata kamera. Tukaanza kurekodiwa tukifundisha, kisha tunatazama. Wengine walilia kusikia sauti zao. Mimi niligundua kwamba nilikuwa nasema "sawa?" kila baada ya sentensi, kama mtu anayeomba msamaha. Ilinichukua muhula mzima kuiacha. Nyinyi mna simu mifukoni. Jirekodini. Mtaona aibu, lakini heri muione nyinyi kabla watoto hawajaiona.

Sasa niwaambie kuhusu Kawira, kwa sababu ndiye hasa aliyenifanya nichukue kalamu.

Mwaka nilipomkagua nilikuwa nimeajiriwa karibuni tu kama mhadhiri mdogo kabisa wa idara, na bado nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio. Sijathibitishwa kazini. Nilikuwa na shahada ya pili, viatu vipya na imani kwamba najua somo zuri likoje. Nikapewa wanafunzi wa hesabu walioko mazoezini upande wa Othaya. Kila mmoja nilipaswa kumtembelea, kukaa darasani mwake somo zima na kujaza fomu ya tathmini. Fomu yenyewe ilikuwa ya kurasa mbili. Iliuliza kuhusu andalio la somo, matumizi ya ubao, sauti ya mwalimu, mavazi ya mwalimu, lugha ya mwalimu, nidhamu ya darasa, na jinsi mwalimu alivyofunga somo. Mwanafunzi akiangushwa na wakaguzi wawili, anarudia mazoezi mwaka unaofuata, wenzake wakiwa wamevaa joho na kwenda zao.

Ilikuwa mwezi wa saba. Mnaijua baridi ya mwezi wa saba huko, ule ukungu unaokaa juu ya majani chai mpaka adhuhuri. Gari la chuo lilishindwa na matope, nikapanda kilima kwa miguu. Viatu vipya vikageuka matofali. Nilipofika shuleni, mwalimu mkuu akanionyesha darasa la kidato cha pili. Nikafungua mlango. Hakukuwa na mtu. Ubao ulikuwa mtupu isipokuwa tarehe na neno moja la Kiingereza: GRADIENT, yaani mteremko.

Niliwapata nje nyuma ya shule, kwenye njia inayokatiza mashamba ya chai. Watoto arobaini na kitu walikuwa wametawanyika kilimani na vijiti, kamba na chupa za soda zilizojazwa maji nusu. Wengine wamelala chali. Wengine wanabishana kwa sauti, na kwa Kikuyu, wakati somo la hesabu lilitakiwa liwe kwa Kiingereza. Na mwalimu yuko wapi? Mwalimu, msichana mwembamba kutoka upande wa Meru, alikuwa amesimama kando kabisa, mikono ndani ya sweta, kimya. Huyo ndiye Kawira. Hakukijua Kikuyu vizuri, kwa hivyo nusu ya yale waliyokuwa wakisema watoto hata yeye alikuwa akiyasikia kwa kubahatisha.

Nikasimama pale na kalamu yangu. Matumizi ya ubao: sufuri. Sauti ya mwalimu: nilimsikia mara tatu. Nidhamu: mvulana mmoja alikuwa amefungwa kamba shingoni kama ng'ombe. Kufunga somo: kengele ililia, watoto wakakimbilia uji. Nikajumlisha alama, zikawa chini ya kiwango. Nikamwonyesha.

Aliisoma fomu yote, polepole, kurasa mbili. Akasema, "Asante, Madam." Akakunja kamba zake.

Niliteremka kilima nikijiona nimefanya kazi yangu. Niwaambie kweli, nilijiona mkali kwa njia nzuri, mtu asiyependelea. Hiyo ndiyo hatari ya kuwa na fomu mkononi. Inakufanya ujione mwenye haki.

Kesho yake nikapeleka fomu zangu kwa Mwalimu Kariithi, ili azipige muhuri kabla ya kwenda kwa bodi ya mitihani. Akazipitia moja moja. Alipofika kwa Kawira akavua miwani.

"Huyu ameangushwa mara ya pili," akasema. "Mkaguzi wa kwanza aliandika ati sauti yake ni ndogo. Hebu niambie, somo lako lilikuwaje?"

"Baya, Mwalimu. Ubao mtupu, darasa liko nje, watoto wanapiga kelele kwa Kikuyu."

"Walijifunza nini?"

"Nani?"

"Watoto."

Nikaitazama fomu, nikaigeuza ukurasa wa pili. Nilikuwa natafuta mahali ambapo jibu lingekuwa limeandikwa.

"Fomu haiulizi hilo," nikasema.

"Najua haiulizi. Fomu hii niliiandika mimi." Akaisukuma kando, bila muhuri. "Sasa ninakuuliza mimi, na wewe hujui. Kwa hivyo tutarudi Othaya Jumanne."

Nilikasirika. Sitawaficha. Niliona mzee ananidhalilisha, na ati ananifundisha kazi yangu upya mbele ya karani wake. Nilishinda siku kadhaa nikiwaza nimwandikie barua mkuu wa kitivo. Kwa bahati nzuri sikuiandika.

Jumanne tulifika asubuhi. Mwalimu mkuu wa shule akatuambia tumechelewa kidogo: yule mwanafunzi wetu alikuwa ameshamuaga. Alikuwa amefunga mizigo, anarudi kwao Meru. Tulimkuta Kawira kwenye chumba alichokodi karibu na shule, begi liko kitandani, limefungwa.

Mwalimu Kariithi hakuingia. Akanisukuma mimi mbele.

"Kawira," nikaanza, "unaenda wapi na bado kuna wiki nne?"

"Nyumbani, Madam." Hakuwa akilia. Alisema kama mtu aliyekwisha kulia jana. "Mimi si mwalimu. Watu wawili wamesema, na wote wamesoma kunishinda. Ni afadhali nijue sasa nikiwa kijana."

"Njoo basi utufungulie darasa mara ya mwisho," Mwalimu akasema kutoka mlangoni. "Hutafundisha. Utasimama tu. Hiyo nasikia unaiweza."

Kawira akacheka bila kutaka. Akavaa sweta yake.

Darasani Mwalimu aliketi kwenye dawati la mbele, magoti yamemgonga kidevu. Akawaambia watoto, "Mimi ni mzee, hesabu zilinitoka zamani. Nataka kujua njia ya kutoka hapa kwenda kwenye kituo cha kupimia majani chai inapanda kwa kiasi gani. Nani ataniambia?"

Mikono ikainuka. Yeye akaacha mikono yote, akamchagua msichana wa nyuma ambaye hakuwa ameinua. Aliitwa Wanjiru. Mwalimu mkuu alishatunong'oneza kwamba huyo hesabu zilikuwa zimemshinda tangu kidato cha kwanza.

Wanjiru akasimama, akamtazama Kawira. Kawira hakusema neno, hakutikisa hata kichwa. Basi yule mtoto akachukua kamba na chupa ya soda na kutoka nje, na sisi sote tukamfuata. Akamwomba mwenzake ashikilie kamba ardhini, juu kidogo kwenye njia. Yeye akateremka, akapima futi kumi za kamba, akainyoosha, akaweka ile chupa juu ya kamba na kuitazama mpaka maji yakalala sawa, kama fundi na pima maji yake. Kisha akapima kutoka kamba mpaka ardhini.

"Ukienda mbele kumi," akasema, "unapanda tatu. Sasa ni tatu juu ya kumi. Ile njia ya kwa cucu, nyanya yangu, ni tano juu ya kumi, ndiyo maana cucu hupumzika mara mbili."

"Nani alikufundisha hivyo?" Mwalimu akauliza.

Wanjiru akafikiri. "Hakuna mtu. Tulipima tu."

Nataka muisome tena sentensi hiyo. Nimekaa nyuma ya madarasa maelfu, kutoka Murang'a mpaka Nanyuki, na sijawahi kusikia sifa kubwa ya mwalimu kuliko hiyo. Mtoto ameshika jambo kwa nguvu hivyo mpaka hamkumbuki aliyempa. Nilimtazama Kawira. Alikuwa amesimama pale pale kando, mikono ndani ya sweta, macho yake yamejaa machozi. Ndipo nikaelewa kwamba siku ile ya kwanza hakuwa amesimama bure. Alikuwa amejizuia. Jaribuni siku moja kunyamaza wakati mtoto anakosea mbele yenu na yuko karibu kujisahihisha. Mtaona ni kazi ngumu kushinda kuzungumza saa nzima.

Lakini Mwalimu hakuwa amemalizana na mimi. Tuliporudi darasani akanipa chaki. "Mwalimu Nyaguthii, waandikie hiyo ya Wanjiru vizuri ubaoni."

Nikavunja chaki katikati, nikasimama upande kama nilivyofunzwa, nikaandika kwa mwandiko mzuri sana: kumi juu ya tatu.

Kisha mvulana mmoja, yule yule aliyekuwa na kamba shingoni, akainua mkono kwa heshima zote. "Madam, umegeuza. Hiyo yako ni ukuta. Hata mbuzi haiwezi kupanda."

Walicheka mpaka mwalimu wa darasa jirani akaja kuchungulia. Nami nilicheka, nikafuta, nikaandika tatu juu ya kumi. Ubao wangu ulikuwa safi, sauti yangu ilisikika mpaka nyuma, mavazi yangu yalikuwa ya heshima. Kwa fomu yetu ningepata alama nzuri sana.

Kwenye gari, tukirudi, nilimwambia Mwalimu nitabadilisha alama.

"Huwezi. Fomu ikishasainiwa na mkaguzi, ni bodi tu inayoweza kuigusa. Bodi ni Alhamisi. Utasimama useme."

"Si ungesema wewe? Wewe ndiye mkuu wa idara."

"Mimi nitasimama kwa kosa la fomu," akasema. "Kosa la alama ni lako."

Kuna mhadhiri mwenzangu aliyeniambia wazi, kwa nia njema, ninyamaze: mtu aliye kwenye majaribio hasimami mbele ya bodi kusema amekosea. Kawira atarudia mwaka, akasema, si mwisho wa dunia. Lakini nilijua kwamba Kawira hangerudia. Lile begi lilikuwa bado limefungwa. Alikubali kungoja mpaka Ijumaa tu, na hiyo ni kwa sababu Mwalimu alimwomba.

Alhamisi nikasimama. Nikasema kwamba nilikwenda Othaya nikamtazama mwalimu, sikuwatazama watoto. Kwamba nimerudi na kuona nilichokosa. Kwamba alama nilizotoa si za kweli. Mkuu wa kitivo, mtu mkavu aliyependa utaratibu, akaniuliza swali ambalo mpaka leo naliona la haki.

"Kama ulikosea kwa huyu," akasema, "umekosea kwa wangapi wengine?"

Chumba kizima kikanigeukia.

"Sijui," nikasema. "Ndilo linalonitia hofu."

Mwalimu Kariithi akasimama kabla sijaketi. Alisema maneno machache. Kwamba fomu ile aliiandika yeye wakati chuo kikiwa kichanga, wakati kazi kubwa ilikuwa kuhakikisha kijana wa kijijini anaweza kusimama mbele ya watu bila kutetemeka. Kwamba wakati huo ilitosha. Kwamba sasa haitoshi, na aibu ni yake kwa kutoona hivyo mpaka msichana wa miaka ishirini na miwili alipokaribia kuacha kazi. Akaketi. Sijawahi kumwona mtu mkubwa akikubali kosa kwa mgongo ulionyooka namna ile.

Bodi haikubadilisha alama siku ile. Mkuu wa kitivo alisema utaratibu ni utaratibu: atatumwa mkaguzi wa tatu, mtu asiyejua lolote kuhusu jambo hili. Alitumwa. Alikuwa mwanamume wa idara ya fizikia, mgumu kama jiwe. Aliporudi aliandika kwenye fomu, pembeni kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine: "Watoto hawa wanauliza maswali ambayo sikuyasikia mpaka nilipofika chuo kikuu." Kawira akapita. Mimi barua yangu ya kuthibitishwa kazini ilichelewa mwaka mzima, na ndani yake niliagizwa niwe mwangalifu zaidi katika kutoa alama. Ninayo bado. Nimeiweka kwenye fremu, inaning'inia jikoni.

Kisha tukapewa kazi ya kuandika fomu mpya. Mimi na Mwalimu tulihangaika nayo wiki nyingi, tukajaza karatasi na maneno makubwa. Aliyetuokoa hakuwa profesa. Wakati huo chuo kilikuwa kimeanza masomo ya likizo: walimu wa shule za msingi, wenye vyeti vya zamani, walikuja kila shule zikifungwa kusomea shahada. Watu wazima, wengine na wajukuu. Mmoja wao alikuwa Mama Wangui wa Kangema, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyefundisha darasa la kwanza kwa muda mrefu kuliko umri wangu. Nikampa rasimu yetu aisome. Akaisoma akitikisa kichwa.

"Mwarimu," akaniambia kwa lafudhi ya kwao, "nyinyi wa chuo mkija kutukagua, mnaketi wapi?"

"Nyuma ya darasa."

"Sasa huko nyuma mnaona nini? Mnaona vichwa vya watoto na sura ya mwarimu. Mimi miaka yote niko na sura za watoto mbele yangu, na huko ndiko kitu iko. Mtoto akielewa, uso unafunguka. Akipotea, anaanza kuchora kwa kitabu. Hamisha kiti. Ketini mbele, kando ya dirisha."

Tukahamisha kiti. Ni jambo dogo mno, hata linachekesha, lakini tangu siku hiyo hakuna mkaguzi wa chuo chetu aliyeketi nyuma. Mkimwona mtu ameingia darasani kwenu na kwenda kuketi kando ya dirisha huku akiwatazama watoto, msihangaike na tai yenu. Hawatazami nyinyi. Na kwenye fomu tukaweka ukurasa wa kwanza wenye swali moja peke yake: watoto walifanya nini, na walisema nini? Mambo ya ubao na sauti yalihamia ukurasa wa pili. Tulitetea ukurasa huo mbele ya kamati tatu. Kwenye ya tatu mtu aliuliza swali hilo litapewaje alama, na Mama Wangui, ambaye tulimwalika kama shahidi, akajibu, "Kwa kusikiliza." Ikapita.

Vyuo vingine vilikuja kuiomba. Tuliwapa. Mimi naringa kwa jambo hili na sioni haya kuringa. Mtaala umebadilika mara kadhaa tangu hapo, sasa mnaambiwa mfundishe umilisi, mtoto afanye, avumbue, aeleze. Naona vijana wanashangaa kana kwamba jambo hilo limeshuka jana kutoka Nairobi. Sisi wa ghala la mbolea tulikuwa tumeshaliona kwenye kilima cha chai, limeletwa na msichana asiyependa kuongea.

Mtataka kujua Kawira yuko wapi. Hakuwa profesa wala waziri. Anafundisha hesabu katika shule ya kutwa upande wa Chuka. Mara mbili ameletewa ukuu wa shule, mara mbili amekataa. Nilimpigia simu nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Madam, mwalimu mkuu hashindi kilimani." Bado ana sauti ndogo. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Akasema, "Andika. Lakini sema nilitaka kweli kwenda nyumbani. Wasidhani nilikuwa jasiri." Basi nimesema.

Mwalimu Kariithi tulimzika mwaka jana, kwao Kirinyaga, siku ya jua kali. Mahema yalijaa, watu wakasimama mpaka kwenye migomba. Mama Mwalimu aliketi mbele, mdogo ndani ya koti lake jeusi. Kwenye mazishi ya kwetu hufika wakati watoto wa marehemu wanaitwa mbele wasimame, watu wawaone. Mwendesha shughuli alipofika hapo kwenye karatasi yake, akababaika. Akaruka mstari. Kila mtu aliona ameruka, na Mama Mwalimu akainamisha kichwa.

Nilikuwa nimepewa dakika mbili za kuzungumza kwa niaba ya chuo. Nilikuwa nimeandika hotuba. Nikaiacha kwenye kiti. Nilipochukua kipaza sauti nikasema, "Waliofundishwa na Mwalimu Kariithi, simameni." Tukasimama watu wengi, wazee kwa vijana, wahadhiri, walimu wakuu. Nikasema, "Sasa waliofundishwa na hawa waliosimama, nanyi simameni."

Kwanza kwaya yote. Kisha mchungaji mwenyewe, akicheka kidogo kwa haya. Waliokuwa wakipanga viti wakaweka viti chini. Dereva wa gari la maiti. Wanawake waliokuwa wakipika nyuma ya nyumba wakatokeza na miko mikononi. Wale wa kwenye migomba walikuwa wamesimama tayari, basi wakainua mikono. Hata yule mwendesha shughuli alisimama wima na karatasi yake. Sikuona aliyebaki ameketi isipokuwa Mama Mwalimu.

Aligeuka polepole, akatazama upande huu, akatazama upande ule. Akanishika mkono.

"Nyaguthii," akaniuliza, "hawa wote ni wetu?"

"Wote, mama."

Akawatazama tena, kwa muda, kama mtu anayehesabu.

"Basi waambie waketi," akasema. "Jua ni kali, na chakula kitatosha."